Kolwezi na safari ya mji usio na taka: tuanze kwa kutenga

Msafiri anayeingia Kolwezi kwa barabara ya Likasi huona vilima vya mchanga wa kijivu na wa njano, vingine virefu kuliko nyumba yoyote ya mjini. Mgeni huuliza jina la mlima. Sisi wa hapa tunajua kwamba si mlima. Ni mawe na mchanga uliotolewa chini ya ardhi na Union Minière, kisha na Gécamines, shaba ikaondolewa, kilichobaki kikamwagwa. Mji wetu ulianzishwa kwa ajili ya migodi katika miaka ya 1930, kwa hiyo taka hizo zina karibu umri sawa na mji wenyewe.

Chini ya vilima hivyo kuna taka za aina nyingine, changa zaidi: sashe za maji ya kunywa, maganda ya mihogo, nepi za watoto, chupa, nguo zilizochakaa, majivu ya makala. Zinajaza mitaro ya Dilala na ya Manika, na mvua za mwanzo zinapokuja maji hayaoni njia, yanaingia nyumbani. Makala hii inahusu hasa hizo za pili. Swali ni lile ambalo vijana wa kanisa wameniuliza mara nyingi baada ya salongo: tunafagia, tunalundika, tunachoma, na Jumamosi nyingine lundo lipo palepale. Je, mji unaweza kweli kufika mahali pa kutokuwa na taka?

Jibu fupi ni kwamba hakuna mji mkubwa uliokwisha kufika. Lakini iko miji iliyopunguza sana kile inachozika, na karibu yote ilianzia mahali pamoja: jikoni, kwa kukataa kuchanganya.

Maana ya "taka sifuri"

Mji wa kwanza kutangaza rasmi shabaha hiyo ulikuwa Canberra, makao makuu ya Australia, mwaka 1996. Walisema ifikapo 2010 hakutakuwa na taka. Mwaka 2010 ulifika na taka zikiwa bado zipo. San Francisco, Marekani, waliweka shabaha ya 2020, wakapitisha mwaka 2009 sheria ya kumlazimu kila mkaaji atenge taka zake katika mapipa matatu, na 2020 nao hawakufika. Kijiji cha Kamikatsu huko Japani, chenye watu wapatao 1,500, kilitangaza mwaka 2003, na leo wanakijiji wake wanatenga taka katika mafungu zaidi ya 40. Wamefika kama asilimia 80. Asilimia 20 iliyobaki imewashinda, kwa sababu kuna vitu ambavyo kiwanda kilivitengeneza tangu mwanzo bila kufikiri vitaishia wapi.

Mtu anaweza kucheka kwamba wote wameshindwa. Mimi sicheki. Sisi wahubiri tunahubiri utakatifu kila Jumapili, na hatujawahi kuacha kwa sababu hakuna aliyekwisha kuufikia. Muungano wa kimataifa unaosimamia jambo hili, Zero Waste International Alliance, umeweka kipimo cha asilimia 90: mahali panapozuia sehemu 9 kati ya 10 za taka zake zisizikwe wala kuchomwa panahesabiwa kuwa njiani.

Tazama neno hilo "wala kuchomwa". Hapa kwetu ndipo tunapojikwaa. Kwa mama zetu na kwa wachungaji wao, uwanja safi ni uwanja ambao taka zake zimechomwa nyuma ya choo. Baada ya arusi moja kanisani kwetu nilisimama mimi mwenyewe na kibiriti mkononi, nikachoma lundo la sahani za plastiki, vikombe na sashe, nikidhani natoa mfano mzuri kwa vijana. Moshi ulielekea darasa la shule ya Jumapili. Mama mmoja wa kwaya, mwenye ugonjwa wa pumu, aliondoka bila kuaga, na siku tatu hakuweza kuja mazoezini. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo wa uwanjani haiishi. Inageuka kuwa moshi wenye sumu, na plastiki za aina fulani hutoa dioksini, sumu inayokaa katika udongo na katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Taka haikuondoka, ilihama kutoka ardhini ikaingia mapafuni.

Tulichojifunza kwenye mto Musonoi

Kolwezi inao mfano wake mkubwa wa jambo hili, na hatuna haja ya kusafiri mpaka Japani ili kuuona.

Tangu miaka ya 1950 kiwanda cha kutenga madini na mawe kilikuwa kinamwaga mabaki yake, ambayo wafanyakazi wa zamani wa Gécamines wanayaita reje, katika bwawa la Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Kiwanda cha zamani hicho kilikuwa hakiwezi kutoa madini yote. Kwa hiyo kila tani ya tope iliyoshuka mtoni ilibeba shaba na kobalti ndani yake. Baadaye wataalamu walipopima, walikuta tani zaidi ya milioni 100 zenye shaba kama asilimia 1.5 na kobalti kama asilimia 0.3. Kuna nchi ambako mgodi mpya unafunguliwa kwa shaba iliyo chini ya kiwango hicho.

Mwaka 2018 kampuni ya Metalkol, ya kundi la Eurasian Resources Group, ilianza kuyarudia mabaki hayo. Hawachimbi kwa baruti. Wanayapiga kwa maji yenye nguvu, tope linapita katika mabomba hadi kiwandani, na kwa njia mpya za asidi na umeme wanatoa shaba na kobalti. Kile ambacho babu zetu waliita uchafu kimekuwa mgodi.

Mimi nachukua hapo mambo mawili. La kwanza, kitu kinaitwa taka pale tu ambapo hakuna anayeweza kukitenga, au hakuna anayetaka. Ukipata njia ya kutenga, jina linabadilika. La pili ni chungu zaidi: kutenga baadaye kunagharimu sana. Katika miaka yote ile ya kungoja, mto Musonoi ndio uliobeba mzigo, na watu wa kando yake pamoja nao, waliopoteza samaki na bustani za bondeni. Hakuna bei ya shaba inayowarudishia miaka hiyo. Tena kazi hiyo ya Metalkol haijamaliza taka, maana baada ya madini kutolewa, tope linabaki na linawekwa katika bwawa jingine linalohitaji kulindwa. Jirani zetu wa Zambia walikumbushwa hatari ya mabwawa hayo mwezi wa Februari 2025, ukuta ulipobomoka karibu na Chambishi na maji ya asidi yakaingia katika mto unaoteremka kwenda Kafue.

Ndoo ya takataka ya nyumbani ni Musonoi ndogo. Ganda la ndizi peke yake ni mbolea. Karatasi kavu peke yake inauzika. Ukivichanganya pamoja na nepi na betri kwa muda wa siku moja, huna tena mbolea wala karatasi, una uvundo.

Tufanye hesabu kidogo

Benki ya Dunia ilitoa mwaka 2018 ripoti yake kubwa kuhusu taka. Kwa wastani, mtu wa Afrika iliyo kusini ya Sahara hutoa kilo 0.46 za taka kwa siku, kiasi kidogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia. Katika nchi zenye mapato madogo, zaidi ya nusu ya uzito huo ni mabaki ya chakula na majani. Na katika nchi hizohizo zaidi ya asilimia 90 ya taka hutupwa ovyo au kuchomwa hadharani.

Chukua mji wa watu 500,000. Kolwezi ya leo, kwa makadirio mengi, imepita hapo. Zidisha kwa kilo 0.46 na utapata tani 230 kila siku. Kwa lori la tani 10, hizo ni safari 23 kwa siku, siku zote za mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hakuna komini yetu yenye malori hayo, wala mafuta yake, wala vipuri vyake. Ndiyo sababu ahadi ya "tutanunua malori" husikika kila wakati wa uchaguzi na mitaro ikabaki vilevile.

Sasa toa mabaki ya jikoni na majani, yashughulikiwe mtaani penyewe. Zinabaki kama tani 100, yaani safari 10. Tena zilizobaki ni kavu, hazinuki, hazivuti nzi wala panya, na kijana mwenye pusupusu anaweza kuzigusa bila kuugua. Hakuna hatua nyingine yoyote inayopunguza mzigo wa mji kiasi hicho kwa mara moja, na haihitaji mashine hata moja.

Iko sababu nyingine ya kutozika mabaki ya chakula, na Kampala inaijua. Mabaki yakifunikwa bila hewa huoza na kutoa gesi ya metani, hushika maji, na lundo zima hulainika ndani. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 na likapandishwa juu miaka zaidi ya 25. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, lilibomoka juu ya nyumba za jirani. Waliokufa walizidi 30. Walikuwa watu waliolala majumbani mwao.

Ndoo ya jikoni na shimo la mboji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi halisi.

Nyumba inahitaji vyombo vitatu: ndoo yenye kifuniko kwa mabaki ya jikoni, gunia kwa vitu vikavu, na kopo dogo kwa vitu vya hatari. Si lazima vinunuliwe. Ndoo ya rangi iliyokwisha inatosha, na gunia la unga linatosha. Wiki ya kwanza watoto watakosea. Wiki ya tatu ni wao watakaomkemea baba. Sisi kanisani tulipoanza kupima ndoo zetu baada ya chakula cha pamoja, hiyo ya jikoni ilikuwa nzito kuliko nyingine zote: shina la sombe, maganda ya viazi, bukari iliyogandia kwenye chungu.

Mabaki hayo yanakuwa mboji kwa njia hii. Tafuta kivuli. Panga tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, maranda ya mbao, gunzi za mahindi zilizopondwa au katoni iliyochanwa, kisha tabaka la mabaki mabichi ya jikoni. Vikavu viwe mara mbili au mara tatu ya vibichi kwa kimo. Lundo lifike mita moja kwa upana na mita moja kwenda juu, maana likiwa dogo halishiki joto. Likienda vizuri, ndani yake joto hufika nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Geuza kila wiki ili hewa ipite. Ukifinya konzi ya mboji na tone moja au mawili yakatoka, unyevu unatosha. Maji yakitiririka, ongeza vikavu. Ikinuka, ni hewa iliyokosa: geuza. Baada ya miezi miwili au mitatu inakuwa nyeusi, inanukia kama msitu baada ya mvua.

Kwa hali ya hewa yetu, lifunike kwa bati kuukuu wakati wa mvua, la sivyo rutuba yote itashuka na maji. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, linyunyizie maji. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, utaita panya na mbwa. Majivu ya makala tia kidogo tu. Udongo wetu wa Katanga mara nyingi una asidi nyingi na majivu kidogo yanausaidia, lakini yakizidi yanaua kazi yote.

Na hapa natoa onyo ambalo vitabu vya kilimo vilivyoandikwa kwingine havitoi. Katika mji wa migodi, usitie kila kitu kilichofagiwa ndani ya mboji. Huko Kasulo, mtaa ambao mwaka 2014 ulianza kuchimbwa chini ya nyumba zenyewe baada ya kobalti kuonekana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima vumbi la nyumba na mkojo wa wakaaji. Matokeo yao yalitoka mwaka 2018: kobalti ilikuwa nyingi, na kwa watoto zaidi. Kwa hiyo anayekaa karibu na machimbo, karibu na barabara ya malori ya madini au karibu na reje, asitie vumbi la uwanjani wala majani ya kando ya barabara katika mboji ya mboga. Atumie maganda ya jikoni yaliyooshwa na maranda ya seremala, apande katika magunia au katika tuta lililoinuliwa kwa udongo wa mbali, na aoshe mboga kwa maji safi. Mboji ya majani ya barabarani inafaa kwa miti na maua, si kwa matembele.

Mboji hiyo itakwenda wapi? Kila mara Zambia inapofunga mpaka kwa mahindi, tunaona bei ya unga sokoni. Katanga yote, pamoja na utajiri wake wa madini, hula mahindi ya watu wengine, na mkulima wetu hukosa fedha ya mbolea ya dukani. Mabaki ya chakula ambayo mji unayatupa mtaroni ni rutuba iliyotoka shambani na isiyorudi. Kuwa na tani nyingi za mboji kwa siku hakutamaliza njaa, lakini mama wa Luilu au wa Kapata mwenye bustani ya mboga anajua thamani ya gunia moja.

Sashe, na vidanje

Kuhusu plastiki, sheria tunayo. Agizo namba 17/018 la tarehe 30 Desemba 2017 linakataza katika Jamhuri yetu kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki kwa kuuzia vyakula, maji na vinywaji. Soma tena tarehe hiyo, kisha nenda sokoni. Zanzibar ilikataza mifuko mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017 kwa adhabu inayoweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na Tanzania bara mwezi wa Juni 2019. Tofauti kati yao na sisi haimo katika maneno ya sheria.

Ndugu zetu wa Bukavu wanalipa bei ya uzembe huu kwa giza. Taka za plastiki zinazoingia Ziwa Kivu huelea mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, huziba njia ya maji, na umeme hukatika. Sisi nasi tunakula umeme wa mto, kutoka Nzilo na Nseke kwenye Lualaba.

Lakini si haki kumwambia mama muuzaji aache sashe bila kumwonyesha kitu kingine. Jibu jingine tunalo tayari, na linatoka mahali ambapo mchungaji haifai kupasifia: kampuni za bia. Kwa miaka mingi chupa ya kioo ya bia au ya soda imekuwa inarudi. Mwenye kioski anakudai vidanje, yaani chupa tupu, na usipoleta unalipa zaidi. Ndiyo maana katika mitaro yetu, iliyojaa kila kitu, ni nadra kukuta chupa nzima ya aina hiyo. Hakuna semina iliyofundisha jambo hilo. Chupa ina bei, basi inatembea yenyewe kurudi kiwandani. Mji unaotaka kupunguza plastiki unaweza kudai hivyo kwa maji pia: galoni za kujazwa upya kwa amana, vikombe vinavyooshwa kama wafanyavyo wamama wanaouza munkoyo. Na mwenye kiwanda cha maji ya sashe aambiwe kwamba kifungashio ni chake hata baada ya mteja kunywa.

Vyuma havina shida hata kidogo. Mitraye hainusuriki Kolwezi, mtu akiacha sufuria nje usiku haikuti asubuhi.

Nani atabeba, nani atalipa

Kinshasa ilionyesha namna kazi nzuri inavyoweza kufa. Umoja wa Ulaya ulilipia kwa miaka kadhaa usafi wa komini kadhaa za mji mkuu: vituo vya kukusanyia, malori, na jaa la kisasa huko Mpasa. Mwaka 2015 fedha hiyo ilikoma. Vituo vya kukusanyia vikageuka malundo. Malori yalikuwepo, jaa lilikuwepo. Hapakuwa na kodi ya mji iliyokuwa imezoea kulipia mafuta.

Mfano wa upande wa pili ni Bonyokwa, mtaa wa Dar es Salaam, ambako shirika la Nipe Fagio lilianza na nyumba zenyewe. Waliingia mlango kwa mlango kufundisha kutenga, wakaunda ushirika wa wakusanyaji, wakaweka kituo kidogo mtaani ambapo mabaki ya jikoni yanakuwa mboji na vitu vikavu vinachambuliwa na kuuzwa. Kinachobaki tu ndicho kinachopelekwa katika jaa la mji, Pugu. Kaya zinalipa ada ndogo. Wakusanyaji ni vijana na wamama wa palepale, wana jina, wana sare, na jirani anawajua. Sioni kwa nini mtaa mmoja wa Manika usiweze.

Hapa kwetu vijana hao wapo tayari. Wanapita na pusupusu, wanachukua chupa na vyuma, na tunawafukuza kama wezi. Mji ukinunua malori na kuwafukuza, unawafukuza wataalamu wake wa kutenga.

Kuhusu fedha, Lualaba haiwezi kusema ni maskini. Sheria ya Migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa mji, komini, sekta au uchifu ambamo mgodi unafanya kazi. Mbali na hiyo, kampuni inatakiwa kutoa walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji. Na mwishoni mwa 2018 kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ukawa asilimia 10. Ripoti za ITIE hutaja kampuni ilicholipa, na mkristo yeyote anayejua Kifaransa anaweza kuzisoma na kumwuliza burgumesta wake kwa adabu: sehemu gani ya fedha hii imekwenda kwa usafi? Katika nchi zenye mapato madogo, miji hutumia kwa wastani kama sehemu moja ya tano ya bajeti yake kwa taka. Wazee wetu walizoea kusema shirika ni baba, shirika ni mama, maana Gécamines ilifagia mitaa yake yenyewe, ikapaka chokaa nyumba, ikatoza faini aliyetupa takataka. Baba huyo hayupo tena. Lakini fedha ya mrabaha ipo, na haihitaji baba, inahitaji wa kuiuliza.

Katika Nehemia sura ya 3 yumo mtu mmoja ambaye tunampita haraka tunaposoma orodha ya majina: Malkiya mwana wa Rekabu. Alikuwa mkuu wa wilaya, na sehemu aliyoijenga katika ukuta wa Yerusalemu ilikuwa lango la jaa, lile ambalo takataka za mji zilipitia. Andiko halisemi kwamba alituma mtu.

Kinachobaki

Baada ya kutenga yote hayo kunabaki fungu ambalo Kolwezi haina jibu lake leo. Nepi za kutupa ni sehemu yake, na namna pekee ya kuzipunguza ni nepi za kitambaa, kazi ambayo najua inamwangukia mama, basi kina baba wasiishie kusifu. Sindano na dawa zilizopitwa na wakati zirudishwe kwenye kituo cha afya, zisitiwe ndoo yoyote.

Na betri. Kobalti inatoka hapa, chini ya miguu yetu, inapanda lori kwenda Kasumbalesa, inavuka bahari, na inarudi ndani ya simu. Simu ikifa, betri yake inatupwa mtaroni, hatua chache tu kutoka mahali madini yake yalipochimbwa. Betri ya namna hiyo usiipasue, usiichome, usimwachie mtoto aichezee. Funika ncha zake kwa gundi ya utepe, iweke katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mahali pasipo na joto, mbali na makala. Mchanga uwe wa mtoni, si wa reje. Kopo letu, la maziwa ya unga, liko chini ya meza ya ofisi ya kanisa. Limefika nusu, na mjini humu bado sijampata wa kumkabidhi.